Barua za Wasomaji: Mvumo Usiokwisha na Swali la Friji

Mwezi huu zimefika mezani kwetu hapa Iringa barua tatu kuhusu muziki ambao hatujawahi kuugusa katika ukurasa huu, yaani ule wa sauti nzito inayovuma kwa muda mrefu bila mdundo wala maneno. Barua ya kwanza ndiyo iliyonikalisha muda mwingi, na waandishi wa zile nyingine mbili watanisamehe kwa kuipa nafasi kubwa.

Swali

Ndugu mwandishi, kamwene. Mimi ni mfanyakazi wa zamu ya usiku katika kiwanda cha chai huku Mufindi, upande wa kunyausha majani. Mpwa wangu anayesoma chuo aliniwekea katika simu muziki usio na mwimbaji, ngoma wala gitaa. Ni sauti moja inayovuma kwa dakika hamsini, kisha inaondoka bila kuaga. Nilimcheka. Sasa ni mwaka wa pili na ninausikiliza karibu kila asubuhi nikitoka zamu, ilhali nilikulia katika kwaya na muziki wa dansi ninaujua tangu utotoni. Mke wangu anauliza kama friji limeharibika. Naomba unieleze muziki huu ulitoka wapi, na ni kitu gani kinachowafanya watu waendelee kuupenda miaka yote hii wakati ndani yake hakuna kinachotokea.
Msomaji, Mufindi

Jibu

Kamwene, ndugu yangu. Nitaanza na swali la mke wako, kwa kuwa yeye, pengine bila kukusudia, amelikaribia jambo lenyewe kuliko mpwa wako na kuliko wengi wanaouandikia muziki huu makala ndefu.

Miongoni mwa wanaotajwa kuwa waanzilishi wake ni Mmarekani La Monte Young, aliyezaliwa mwaka 1935 katika nyumba ya magogo kwenye kijiji cha Bern, jimboni Idaho. Amesimulia kwamba sauti ya kwanza anayoikumbuka maishani ni upepo uliokuwa ukipenya katika nyufa za magogo hayo, na kwamba baadaye alivutiwa sana na mvumo wa transfoma za umeme. Mwaka 1960 aliandika kazi yenye noti mbili tu na agizo moja, kwamba noti hizo zishikiliwe kwa muda mrefu. Wewe uliyekulia kwayani ungezisoma bila taabu, kwani kwa hesabu ya do-re-mi ni do na so, basi. Tofauti ni kwamba mwalimu wa kwaya angekwisha kushusha mikono baada ya mapigo manne, na huyu hakuishusha. Miaka michache baadaye, yeye na wenzake jijini New York walikuwa wakilinganisha ala zao na mvumo wa umeme wenyewe, ambao nchini Marekani una mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wetu una mizunguko 50, na kwa hiyo mvumo wake ni wa chini kidogo kuliko ule wa New York, lakini hizo ni sauti za ukoo mmoja. Mwambie mke wako kwamba hakukosea. Anayekosea ni yule anayedhani kwamba kuufananisha muziki huu na friji ni kuutukana.

Niseme neno kuhusu jina. Waingereza wameuita kwa jina lilelile la nyuki dume, jina ambalo vijana wetu wakilisikia leo, droni, huwaza vile vindege vya kupigia picha za harusi. Sioni sababu ya kuliazima wakati Kiswahili kina kitenzi kinachotosha: nyuki huvuma, upepo huvuma, bahari huvuma, ngoma huvuma. Nitauita muziki wa mvumo. Kitenzi hicho kina maana nyingine pia, ya mtu au jambo kujulikana kila mahali, na kwa maana hiyo muziki huu haujavuma kamwe wala sidhani kama utavuma. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, na huu, unaovuma kwa maana ya kwanza na usiovuma kwa maana ya pili, umedumu kwa zaidi ya miaka 60.

Unasema ndani yake hakuna kinachotokea. Mimi nasema kinachotokea ni kingi, ila hakitokei mahali tulipozoea kukitafuta. Chukua mfano wa mashine mbili za kusaga zilizo jirani, kama tunavyoziona katika vijiji vingi vya barabara kuu kuanzia Ilula hadi Makambako. Injini zake zikizunguka kwa kasi inayokaribiana bila kulingana kabisa, mtu aliyesimama katikati akisubiri unga wake husikia sauti inayopanda na kushuka kama kifua kinachopumua. Pumzi hiyo haitolewi na mashine yoyote kati ya hizo mbili. Ni mawimbi yanayokutana hewani, mara yakisaidiana na mara yakifutana. Sauti moja ikiwa na mitetemo 100 kwa sekunde na nyingine ikiwa na 101, utasikia pumzi moja kila sekunde. Zikitofautiana kwa sehemu moja ya kumi tu ya mtetemo, pumzi moja itachukua sekunde kumi, na ni katika sehemu hiyo ya kumi ambamo watunzi wa mvumo hujenga nyumba zao. Isitoshe, kila sauti nzito hubeba juu yake sauti nyingine nyembamba ambazo katika wimbo wa kawaida hupita haraka mno kiasi kwamba sikio halipati nafasi ya kuzitenganisha. Ukipewa dakika ishirini huanza kujitokeza moja baada ya nyingine, kama vilima vya Udzungwa ukungu unapopungua asubuhi. Wagogo, majirani zetu wa kaskazini, hawakuhitaji kuambiwa haya, kwani ilimba yao, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hubandikwa utando mwembamba wa buibui kwenye tundu la sanduku lake, makusudi kabisa, ili kila noti itoke ikiwa na mvumo wake.

Hayo ni ya fizikia, na peke yake hayatoshi kumfanya mtu arudi katika sauti ileile kwa miaka miwili. Jibu langu hasa linatokana na kazi yako.

Feni kubwa za kunyaushia majani hazizimwi usiku, na sina shaka kwamba baada ya kukaa nazo unajua kwa sikio ni ipi iliyoanza kulegea beringi kabla fundi hajafungua boksi la spana, na kwamba moja ikinyamaza utashtuka hata kama ulikuwa umeanza kusinzia. Kusikiliza kwa namna hiyo ni ulinzi, kwa sababu unasikiliza ili ujue kilichoharibika. Mke wako alipouliza kuhusu friji alikuwa akisikiliza vivyo hivyo, maana nyumbani yeye ndiye aliye zamu. Muziki wa mvumo unakuletea sauti ya ukoo uleule, lakini iliyovuliwa wajibu: hakuna cha kutengeneza, hakuna wa kumwamsha, hakuna kitabu cha kuandika saa na tatizo. Sikio ambalo limefanya kazi kwa saa nane likiwa na hofu linaruhusiwa kuendelea kufanya lile linaloliweza, safari hii bila hofu. Wimbo wenye maneno na kiitikio hauwezi kukupa hilo hata ukiwa mzuri kiasi gani, kwa sababu nao una madai yake. Unataka uusubiri, uuitikie, uukumbuke.

Mimi nililijua jambo hili kabla sijajua kama kuna muziki wa namna hii. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikipelekwa likizo kwa shangazi yangu, chini ya Mlima Kitonga, na usiku malori yaliupanda mlima kwa gia nzito, moja nyuma ya jingine, mvumo mmoja mrefu uliopinda na kona na haukuisha mpaka nikalala. Sijapata kulala vizuri kama nilivyolala kule. Nikilala huko leo, sauti ni ileile, lakini mimi nasikiliza breki.

Kuhusu kudumu kwake, nadhani sababu nyingine ni nyepesi. Midundo huzeeka. Mtu akisikia ngoma ya mashine ya miaka ya 1980 huitambua baada ya sekunde mbili, kama anavyoitambua suruali ya enzi hizo kwenye picha, lakini mvumo uliorekodiwa zamani na uliorekodiwa juzi huweza kuchanganywa hata na msikilizaji mzoefu, kwa kuwa hauna yale mapambo ambayo mitindo huyashambulia kwanza. Wapo waliolichukua jambo hili hadi mwisho wake: katika kanisa la zamani la Mtakatifu Burchardi mjini Halberstadt, Ujerumani, kinanda kimekuwa kikipiga kazi ya Mmarekani John Cage tangu mwaka 2001, polepole kiasi kwamba sauti moja hudumu miezi au miaka, na imepangwa imalizike mwaka 2640. Mabadiliko ya sauti ya tarehe 5 Februari 2024 yalikusanya watu waliosafiri kuja kuyashuhudia. Sijui kama mimi ningesafiri, lakini ninawaelewa.

Nikuonye kidogo, kwa kuwa u mpenzi mpya. Muziki huu ni rahisi kuutengeneza vibaya. Mtu mwenye kompyuta anaweza kunyoosha sauti yoyote ikawa ya saa nzima na kuipachika jina la kutisha, na wengi hufanya hivyo. Kipimo changu ni kile kinachofuata baada ya kuuzima: ukizima mvumo hafifu unasikia kwamba umezima kitu, ukizima mvumo uliotungwa vizuri unasikia chumba.

Swali

Ndugu mwandishi, ugonile. Mwanangu amemaliza kidato cha sita na anasubiri kwenda chuo. Kila jioni huzima taa chumbani kwake na kusikiliza sauti nzito kama za pangoni, ambazo mwenyewe anasema ni muziki wa giza. Jirani yangu amenionya kwamba hizo ni sauti za kuitia mapepo. Je, zinaweza kumdhuru? Na kwa nini kijana mwenye afya yake apende giza?
Mama, Tukuyu

Jibu

Shikamoo, mama. Kuhusu mapepo, nadhani dawa nzuri ya hofu hiyo ni kujua sauti zenyewe zinatoka wapi.

Pangoni umepatia. Mzaliwa wa Wales, Brian Williams, anayejulikana kwa jina la Lustmord, alitoa mwaka 1990 albamu ambayo wapenzi wa tawi hili la giza huihesabu kuwa kielelezo chake. Jina lake, Heresy, yaani uzushi dhidi ya dini, nakiri halitakufurahisha, lakini malighafi yake ni sauti zilizorekodiwa mapangoni, migodini, katika mahandaki na vyumba vya kuzikia vya chini ya ardhi, pamoja na mitetemo ya ardhi na ya volkano. Wewe unayeamka kila siku ukiutazama Mlima Rungwe, ambao nao ni volkano, una haki ya kuizoea sauti hiyo kuliko Mzungu yeyote. Mjerumani Thomas Köner alijenga kazi zake za mwanzo kwa kurekodi upatu, na sisemi ule upatu wa akina mama wa kupeana fedha bali ile sahani ya shaba inayogongwa, kisha akaipunguza kasi na kuizamisha mpaka ikabaki kama upepo wa nchi za barafu. Mwaka 1988 Mmarekani Pauline Oliveros na wenzake walishuka na kodiani na tromboni katika tangi la maji lililokuwa halitumiki tena, futi 14 chini ya ardhi katika jimbo la Washington, kwa sababu moja tu, kwamba mwangwi wa humo ulidumu sekunde 45. Hao wote walikuwa wakitafuta vyumba vikubwa.

Na hapa ndipo neno giza linapoingia. Kwa kawaida sauti ya chini hutoka katika kitu kikubwa, na mwangwi mrefu hutoka katika nafasi kubwa, kwa hiyo sikio linapopokea vyote viwili kwa pamoja, bila jicho kusaidia, linatuambia kwamba tumo mahali pakubwa tusipopaona na kwamba inafaa tuwe macho. Mtu anaweza kuiita hali hiyo hofu, lakini mimi ningeiita kicho, ile hali inayomshika mtu ndani ya kanisa kubwa lisilo na watu, au jioni katika mashamba ya paina ya Sao Hill upepo unapopita juu, ambako kila sindano ya jani hutoa kisauti chake na zote kwa pamoja hufanya mvumo usio na chanzo kimoja. Kijana anayezima taa hapendi giza kwa sababu ya giza. Amelipumzisha jicho ili sikio lifanye kazi, jambo ambalo sisi sote hufanya tunapofumba macho kwa maombi.

Wala giza hilo si huzuni, ingawa linaweza kuibeba. Mfaransa Éliane Radigue, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufanya kazi na sinthesaiza moja, yaani ala inayounda sauti kwa umeme, kwa miongo kadhaa, alitunga kazi ya karibu saa tatu kuhusu kifo, akiongozwa na mafundisho ya Wabudha wa Tibet, na akaimaliza mwaka 1993. Akiwa hajaimaliza, mwaka 1989, mwanawe alifariki katika ajali ya gari. Mtu anayejua hayo akiisikiliza hungoja kusikia kilio, na hakisikii. Husikia sauti inayobadilika taratibu mno kiasi kwamba hawezi kusema ilibadilika lini. Mama, wewe umekaa katika misiba mingi kuliko mimi. Unaijua saa ile ya usiku wa manane ambapo kilio kimechoka, na wanawake waliobaki kwenye mkeka huimba kwa kufumba mdomo, bila maneno, mpaka kuche. Hakuna anayesema kwamba wanaita mapepo.

Nikujibu sasa kama mzazi. Kijana akila, akilala usiku, akifanya kazi za nyumbani na kucheka na wenzake, muziki huu haumdhuru, isipokuwa akiusikiliza kwa sauti kubwa mno inayoweza kuharibu masikio, kama muziki mwingine wowote. Akiwa ameacha kula, amewakimbia rafiki zake na hatoki nje kwa siku nyingi, basi kuna jambo, na jambo hilo lisisingiziwe muziki. Zungumza naye kwa upole, na ikibidi mwende pamoja hospitali mkaonane na mtaalamu wa afya ya akili. Kabla ya yote hayo, jioni moja gonga mlango wake, umwombe ukae naye dakika kumi, taa ikiwa imezimwa. Usiseme kitu. Vijana wa umri huo hueleza mengi gizani.

Swali

Mwandishi, kaka yangu amenisifia sana muziki huo wa mvumo, lakini nikiuweka kwenye simu sisikii kitu zaidi ya mkwaruzo mdogo, na bando linaisha. Je, simu yangu ni mbovu au kaka yangu ananitania?
Mwanafunzi, Mbeya mjini

Jibu

Simu yako ni nzima na kaka yako hakutanii. Sauti yenye mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita nane na nusu hivi, na kispika cha simu, ambacho ni kidogo kuliko kidole gumba, hakiwezi kusukuma hewa ya kutosha kulitoa. Unachokisikia wewe ni zile sauti nyembamba za juu tu, yaani umeletewa maganda, ugali umebaki jikoni. Tumia visikilizio vya masikioni vinavyoziba vizuri, au azima sabufa, ila ukitumia sabufa weka sauti ya chini na uwaonye majirani mapema, kwa kuwa besi hupenya ukuta wa tofali kwa urahisi kuliko maneno, na watakaokuja kugonga hawatakubali kwamba huo ni muziki. Kwa ajili ya bando, pakua kazi moja ndefu sehemu yenye waifai ukae nayo wiki nzima, badala ya kurukaruka kati ya ishirini. Hutapoteza kitu, kwani hii ni sanaa ya kurudi palepale.

Anza usiku, mwezi Juni au Julai ikiwezekana, wakati baridi ya Mbeya imewaingiza watu ndani na barabara imenyamaza. Friji la nyumbani liache liwake. Mvumo ukianza kupumua mahali ambapo jana haukupumua, nenda hadi mlango wa jikoni usikilize tena ukiwa hapo, kwa sababu huenda nalo limejiunga.